Vidonge Tulivyogawana

Siku tulipomzika dada yangu Rael, binti yake mkubwa, Cherop, alisimama na karatasi mkononi akatusomea wasifu wa mama yake, na katikati ya mambo ya kanisa na chama na majani chai akasema kwamba mama yao hakuwa mtu wa siri. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja nyuma yangu akacheka kile kicheko kidogo cha matangani, akasema, "Huyo? Huyo ukimuuliza hali yake, ukae chini kwanza." Ilikuwa kweli. Rael tuliyemzika alikuwa anakuambia yote: kwamba mboga yako imezidi chumvi, kwamba amekuota umekufa, kwamba daktari ameona kitu kwenye titi lake la kushoto na kitu hicho kinaitwaje. Lakini mimi nilikaa pale chini ya hema, miguu imevimba ndani ya viatu, nikawaza kwamba hawa watu hawakumjua Rael wa zamani, yule aliyekuwa amejifunga mdomo kama gunia lililoshonwa. Mimi nilikaa naye mwaka mzima akiwa hivyo, na nusu ya ukimya wa nyumba ile ilikuwa yangu. Wiki mbili baada ya mazishi Cherop alinipigia simu. "Mama alinieleza ule mwaka kwa upande wake," akasema. "Upande wako, mama mdogo, sijausikia." Nilimwambia sijui kueleza kwenye simu. Nikachukua daftari la shule, kwa kuwa mimi ni mwalimu na madaftari sikosi, nikaanza kuandika.

Nilifika kwa Rael mwezi wa Januari, baada ya mtihani wa kidato cha nne, na sanduku langu la bati na blanketi moja. Habari za wazazi wetu kule Ndanai nitaziruka. Walikuwa watu wa kawaida na walifanya walichoweza. Rael alikuwa ameolewa karibu na Mogogosiek, mahali ambapo ukifungua mlango wa mbele unaona chai, na ukifungua wa nyuma unaona chai ya jirani. Mumewe, shemeji Joel, alikuwa kwenye mashine kiwandani, na alirudi nguo zake zikinuka majani yaliyokaushwa hata baada ya kufuliwa. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya ua. Mimi nililala jikoni. Msinihurumie, kwa sababu jiko lile lilikuwa chumba kizuri kuliko vyote pale nyumbani: kuta za udongo, mabati meusi kwa moshi, kitanda changu karibu na moto, na ng'ambo ya ukuta wa mbao ndama wawili waliokuwa wakipumua usiku kucha. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kumshika ndama shingoni, kifua changu kwenye manyoya yake, wakati Rael akimkamua mama yake. Kisha tulikunywa chai ya maziwa matupu na viazi vitamu vya jana, halafu tukachukua vikapu tukaenda kuchuma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona niko likizo.

Ila katika boma lile kulikuwa na neno moja ambalo halikutamkwa mbele ya Rael. Mimba zake mbili zilikuwa zimetoka, moja ya miezi minne, nyingine karibu mitano, na mara zote mbili habari zilikuwa zimetangazwa mapema, kina mama wa kanisa wakaja na unga na sukari, kisha wakarudi kumpa pole. Baada ya ile ya pili Kogo alikata shauri: hakuna kutaja tena, watu wataona wenyewe kwa macho yao. Basi neno likafukuzwa kabisa. Jirani akiwa mjamzito, sisi tulisema hajisikii vizuri. Jioni moja shemeji Joel aliingia na furaha akisema yule ng'ombe mweusi ana mi..., akamwona Rael anakoroga ugali, akameza neno, akasema yule ng'ombe mweusi ni mnene siku hizi. Rael hakuinua kichwa. Mimi nilimpenda dada yangu, nikajifunza adabu hiyo haraka. Hakuna aliyenifundisha, ilikuwa inaonekana tu kwamba ndivyo watu wazuri wanavyoishi.

Mvua ndefu zilipoanza nikaona duara jekundu shingoni mwangu, upande ule ule nilioegemezea ndama. Ndama mwenyewe alikuwa na mabaka ya kijivu kuzunguka macho, manyoya yametoka, na hakuna aliyejali, maana ndama huwa hivyo na hupona. Baada ya wiki mbili nilikuwa na choa shingoni, kifuani, mikononi, na mahali pengine ambapo sitapaandika. Kuwasha kwake hakusemeki. Nilijikuna nikiwa kanisani kwa kujifanya natafuta kitabu cha nyimbo. Kogo alinisugua na majani ya kichaka fulani mpaka nikatokwa na machozi, choa kikapumzika siku tatu kikarudi na wenzake. Kituoni tunakopeleka majani, mama mmoja alivuta kikapu chake kikae mbali na changu. Siku hiyo nikashuka sokoni kwa Mama Njoki.

Mama Njoki alikuwa na duka la dawa pale Mogogosiek. Watu wake walitoka upande wa kati wa nchi, lakini alikuwa amekaa kwetu mpaka anatutania kwa Kipsigis, lugha yetu. Alikuwa nesi kabla ya kustaafu, na alikuangalia kama nesi, moja kwa moja, mpaka unajisikia huna nguo. Alinipeleka nyuma ya pazia, akanigeuza huku na huku. "Hii si ya kupaka," akasema. "Imeenea sana. Hii utameza." Akatoa vidonge vyeupe vya griseofulvin, akahesabu vya wiki mbili, akavitia kwenye bahasha ya kaki. "Moja kila asubuhi, na ukule kitu iko na mafuta, ama maziwa ile haijatolewa mafuta. Ukimeza na chai ya rangi itapita tu hivi hivi. Pombe usiguse. Jua ikiwa kali ujifunike. Ukiona imekauka usiache, hii inataka wiki sita." Halafu akauliza, "Uko na mimba?" Nikacheka. "Usicheke, nijibu." Nikasema sina. "Hii dawa si ya mtu ako na mimba. Hata ukimaliza unakaa mwezi mzima kwanza. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana, na ndiyo maana mpaka leo sina pa kujifichia.

Nilipofika nyumbani Rael alikuwa anapepeta mahindi. Akataka kuiona ile bahasha, akaigeuza, kisha akakunja mkono wa sweta akanionyesha maduara mawili ndani ya kiwiko. "Nami pia," akasema. Nikamwambia twende kesho kwa Mama Njoki. Akasema haendi. Kwa nini? Haendi tu. Nilidhani ni maringo, maana alikuwa katibu wa akina mama kanisani na soko lina macho. Basi asubuhi nikatoa vidonge viwili badala ya kimoja. Sikufikiri hata kidogo. Nyumbani kwetu tulilelewa hivyo, ndizi ikiwa moja inakatwa, yai likiwa moja linagawanywa, na kula kitu peke yako huku mwenzako anakutazama ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Rael alimimina mursik kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa ya kuganda yenye majivu ya mkaa, kikombe kimoja kikubwa tunachopokezana. Kabla ya kumeza akaniuliza, "Mama Njoki alisema nini juu ya hii dawa?" Nikamwambia: ale kitu chenye mafuta, asiguse pombe, ajifunike jua. "Na kingine?" Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Nikaona uso wake, ule uso ambao Joel aliumezea neno, nikawaza nitamwumiza bure kwa jambo ambalo halipo. "Basi," nikasema. "Ni hayo tu." Akameza, akanipa kikombe.

Siku saba vidonge vikaisha. Nikarudi kwa Mama Njoki nikamdanganya kwamba bahasha iliangukia motoni. Alinitazama kwa muda, akahesabu vingine vya wiki tatu, akaniambia niweke mbali na moto na mbali na mdomo wa watu wengine. Tukaendelea. Asubuhi mbili tatu Rael alitoka nje haraka baada ya kumeza, nikamsikia akitapika nyuma ya choo, na mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia anakunywa mursik kidogo mno, aongeze. Akaongeza. Mkono wake ulikauka, ngozi ikarudi safi, naye akaanza kuimba wakati wa kuchuma, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. Nilijipongeza moyoni. Nilidhani anaimba kwa sababu ya ngozi.

Ilikuwa mwezi wa Mei, saa nne hivi asubuhi, na mimi nilikuwa kwenye upande wa ndama nikiondoa samadi kwa koleo. Kogo aliingia jikoni, nikasikia akiketi kwenye kigoda. Mbao zile hazikuzuia chochote. "Ni mwezi wa ngapi sasa?" Kogo akauliza. Rael akajibu, "Wa tatu umeanza." Kogo akashukuru Mungu kwa sauti ya chini, akauliza nani anajua. "Wewe na Joel." Kisha: "Na Chebet?" Chebet ndiye mimi. Rael akasema, "Chebet bado mtoto, na ana mdomo. Acha aone mwenyewe." Nilisimama na koleo mkononi. Kwanza nilikasirika kwa kuitwa mtoto, ndivyo moyo ulivyo mjinga. Halafu hesabu ikaanza kujipanga yenyewe kichwani: wa tatu umeanza, wiki mbili za vidonge, kimoja kila asubuhi, kumi na vinne. Ndama aliniramba mkono, nikamsukuma.

Sikungoja kuchuma. Nilisema nina maumivu ya kichwa nikashuka sokoni karibu nikikimbia, na nilipofika kwa Mama Njoki kulikuwa na mzee ananunua dawa ya kikohozi, nikabaki nimesimama nasoma maandishi ya sabuni mpaka akatoka. "Mtu mwenye mimba akimeza ile dawa, inakuwaje?" nikauliza. Mama Njoki akaacha kazi yake. "Nilikuuliza ukacheka." Nikasema si mimi. "Basi ni nani?" Nikayarudia maandishi ya sabuni. "Msichana, ni nani?" Nikasema ni mtu tu. Hakuniamini, alinitazama tumbo, na nikamwacha aamini anavyotaka. "Sikia," akasema. "Aache leo. Hakuna mtu hapa atakuambia itakuwaje. Ingine inatoka. Ingine mtoto anazaliwa na shida. Na ingine mtoto anazaliwa mzima kabisa na hakuna kitu. Lakini huyo mtu aende kliniki, aseme alikula nini na lini, ndio waangalie huyo mtoto vizuri. Asinyamaze. Hiyo ndiyo ya muhimu, umesikia?" Nikasema nimesikia. Kwa mara ya pili.

Nilirudi nimeamua kabisa kumwambia. Nilipanga maneno njia nzima. Rael alikuwa anapakua maharagwe, akanipa sahani yangu kwanza kwa sababu ya kile kichwa nilichosema kinauma, akagusa paji langu kwa nyuma ya mkono. Kumwambia kulitaka nikiri kwamba nilisikiliza ukutani, kisha nitaje lile neno, kisha nimwambie kwamba nimempa sumu kwa mkono wangu. Na kama ningemwambia, halafu mimba ikatoka kwa mshtuko? Hiyo nayo ingekuwa mimi. Nilikula maharagwe yote. Asubuhi nikasema Mama Njoki ameishiwa na dawa. "Si neno," Rael akasema, "mimi nimepona." Vile vilivyobaki kwenye bahasha nilivitupa chooni, pamoja na sehemu yangu, maana sikuweza kumeza tena, na choa changu kikarudi kikakaa nami mpaka Septemba. Rael aliniuliza mbona siendi kutibiwa. Nikasema kinapona chenyewe.

Wanaosema woga hupungua ukizoea hawajawahi kuwa na woga wa aina hii. Wangu uliamka kabla yangu. Kila Rael alipotoka chooni nilimtazama uso. Akikaa muda mrefu ndani ya nyumba nilitafuta sababu ya kuingia, nikauliza chumvi iko wapi, chumvi niliyokuwa nimeishika. Nilimbebea maji, nilimbebea kuni, nilimnyang'anya kikapu kikifika nusu, mpaka akaniuliza kama nimeokoka upya. Kituoni, tukingoja majani yapimwe, wanawake walizungumza mambo yao, na masikio yangu yalichagua moja tu: mtoto wa fulani kule Kedowa amezaliwa mdomo wa juu haujashikana, mama yake hajui alikula nini. "Alikula nini?" nikauliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na wote wakageuka. Rael alikuwa hapo hapo. Akanivuta sweta, akaninong'oneza, "Hayo si ya kuuliza." Nilimwona akiweka mkono tumboni, juu ya aproni ya plastiki ya kuchumia, kisha akautoa haraka kama mtu aliyekumbuka jambo.

Siku moja ya Julai tulikuwa katikati ya shamba, ukungu umeshuka mpaka huoni mwisho wa mstari, nikamsikia Rael amesema "Wui," neno hilo tu. Nilipogeuka alikuwa ameketi chini kati ya michai, mikono kiunoni, midomo imekauka. Nilitupa kikapu. Nilipiga magoti kwenye matope mbele yake, nikawaza: ndiyo hii, imefika, na ni mimi. "Rael," nikasema, "kuna kitu nataka kukuambia." Akafumba macho. "Usiniambie kitu chochote sasa hivi, Chebet. Nishike tu." Nikamshika. Tulikaa hivyo sijui dakika ngapi, maji ya majani yakitudondokea, yeye akipumua kwa hesabu na mimi nikiomba bila maneno. Kisha maumivu yakapita. Akasema ni mkanda wa kikapu ulimkaza vibaya. Akainuka, akajipangusa, akaanza kuchuma tena, na mimi nikachukua kile kilichopita kuwa ruhusa ya kuendelea kunyamaza. Kufikia Agosti tumbo lilikuwa limemtangulia na kila mtu aliona kwa macho yake, kama Kogo alivyotaka. Hata hivyo neno halikutamkwa. Kliniki alienda, alirudi na kadi, na kwenye kadi ile mahali pa kuandika dawa alizotumia pameandikwa hakuna. Niliisoma alipokuwa anaoga.

Cherop alizaliwa Novemba, saa nane mchana, mvua ikipiga mabati ya kituo cha afya mpaka watu wanaongea kwa ishara, na ndiyo sababu ya jina lake, maana kwetu Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje na shemeji Joel, ambaye alikuwa anachana tikiti ya kliniki vipande vidogo vidogo bila kujua. Kogo akatoka, akasema, "Ni msichana, na ana hasira." Joel alilia waziwazi. Mimi nilipita nikaingia ndani bila kungoja kuitwa, nikamkuta Rael amelala na mtoto kifuani, nikafunua shuka. Nilitazama mdomo. Nilitazama ndani ya mdomo alipolia. Nilihesabu vidole vya mikono, nikahesabu vya miguu, nikamgeuza kidogo nikatazama mgongo mpaka chini. Nilipomaliza nikaanza upya. "Unatafuta nini?" Rael akauliza. Nikasema naangalia amefanana na nani. Alinitazama kwa macho yaliyochoka, kisha akamfunika mtoto wake.

Alikuwa mzima. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi kwa siku moja hivi. Baada ya hapo nikaanza kuogopa yale yasiyoonekana: kama anasikia, kama ataona, kama moyo wake uko sawa. Nilifua nepi, nilipika uji wa wimbi, nilichemsha maji ya kuogea, lakini kumbeba sikuweza. Akiletwa kwangu nilikuwa na unga mikononi, au moto ulitaka kuni. Wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Kogo akiwa amekwenda kwa jirani, Rael aliniita sebuleni. Nilimkuta ameketi kwenye kochi lenye vitambaa, mtoto mapajani. "Mbona humshiki mtoto wangu?" akauliza. Nikasema nina kazi. "Kazi gani? Tangu hospitalini. Unamwangalia kama mtu anayengoja aharibike." Hapo nikaketi sakafuni, nikamwambia. Nilimwambia swali la Mama Njoki na kicheko changu, ule uongo wa bahasha kuangukia motoni, ukuta wa mbao, safari ya pili sokoni, na kila alichosema yule mama. Nililia, lakini nilisema yote.

Rael hakupiga kelele. Nilingoja apige kelele. "Ulijua lini?" akauliza. Nikasema Mei. Akahesabu kwa vidole kwenye mgongo wa mtoto: Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. "Nilikuuliza alisema nini juu ya dawa," akasema. "Ukanichagulia la kusikia." Nikasema nilikuwa sijui, nilitaka nisimwumize. "Hapo ulikuwa hujui, na hapo sikulaumu, hata mimi nilikuwa nimeficha. Lakini baada ya hapo ulijua." Mtoto akapiga chafya, Rael akampangusa. "Unajua mimi nilikuwa naamka kila asubuhi nikitazama shuka kama kuna damu? Kila asubuhi, Chebet. Simwambii mtu kwa sababu nimeambiwa nisimwambie mtu. Joel akiamka nimeshajipanga uso. Nilikuwa naogopa peke yangu humu ndani, na wewe uko pale jikoni, hatua ishirini, unaogopa mtoto huyu huyu." Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudi nyumbani. Sasa hivi siwezi kukutazama." Kesho yake shemeji alinibebea sanduku mpaka barabarani, akanipa mkono, na hakuuliza kitu.

Miezi iliyofuata nilikaa Ndanai nikingoja barua ya chuo cha ualimu na habari za Cherop. Habari zilikuja kwa midomo ya watu: ameketi, ameota meno, amegeuka alipoitwa jina. Kila habari niliichukua nikaigeuza kutafuta kasoro. Kutoka kwa Rael mwenyewe hakukuja neno, na mama yetu alipouliza tumekosana nini nilisema hatujakosana. Kisha asubuhi moja ya Septemba, nikiwa nje nachambua maharagwe, nikamwona anaingia langoni, Cherop mgongoni, viatu vimejaa vumbi hadi kifundoni. Alimsalimia mama, akakataa kiti, akakataa chai, jambo ambalo mama alilisimulia kwa mwaka mzima. "Nisindikize mpaka kwenye mahindi," akaniambia. Nikamfuata. Tulipofika katikati, mahindi yametupita vichwa, alifungua shuka, akamtoa mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi bila kuuliza kama ninataka. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Alinishika pua.

"Sijaona siku zangu," Rael akasema. "Wiki tano, labda sita. Nina mimba."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo kinywani mwake, na alilisema kwa sauti kamili. Nikamwuliza Kogo amesema nini. Akasema Kogo hajui. "Na Joel?"

"Joel yuko kazini. Nimeamka asubuhi nimekuja hapa kwanza."

Upepo ulikuwa unapita juu ya mahindi na sisi chini hatukuusikia. Nilimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza aliniacha nione.

"Naogopa sana, Chebet," akasema.

"Mimi pia."

Akaketi chini palepale kwenye udongo, akanyoosha miguu iliyochoka. "Basi niambie yako kwanza," akasema, nami nikaketi na mtoto wake mapajani, nikamwambia yote.